Saa Tisa na Dakika Nne

Umeme ulikatika saa saba, kama ada yake mvua ikianza,
nikaiegemeza simu kwenye chupa ya dawa
ili tochi imulike panapostahili.
Nasambu ameng'ata ncha ya leso, anasukuma,
nami namwambia bado, bado, pumua, haya sasa.
Ndipo simu ikatetemeka.
Mwanga ukayumba ukutani, ukaangukia beseni,
nikaurudisha kwa kiwiko:
mikono haikuwa yangu wakati huo,
ilikuwa ya kichwa chenye nywele tele,
kilichosita, kisha kikaja.

Nilipovua glavu niliandika kitabuni:
mtoto wa kike, kilo tatu na robo,
saa tisa na dakika nne usiku.
Alilia kabla sijamwomba.

Kulipopambazuka nikasoma ujumbe.
Kadi yangu, ulisema, imelipa
shilingi elfu kumi na nane, mia sita na arobaini,
kwa duka la viatu vya mbio
katika mji nisioweza kuutamka.
Saa tisa na dakika nne.
Mimi, na magoti haya!
Mabati kumi na mawili ya jiko langu
yametimka mbio bila mimi.

Benki ya Webuye ilinipa namba sitini na moja
na kiti kilichopasuka.
Kijana Wabwile, tai imemkaba, alinisikiliza
huku akikitazama kioo chake, si uso wangu.
"Mama, mfumo unaonyesha ni wewe."
Nikamuuliza mfumo ulizaliwa wapi, na ni nani aliyeupokea.
Hakucheka. Akanisukumia fomu.

Ulikuwa wapi malipo yalipofanyika?
Mistari miwili tu.
Nikaandika: Misikhu, wodi ya wazazi, katikati ya miguu ya mtu.
Nikafuta. Nikaandika: kazini.
Umewahi kumpa mtu kadi yako? Sijawahi.
Kuna mtu wa nyumbani aijuaye namba yako ya siri?

Hapo kalamu ikagoma.
Yupo aliyeijua. Tuliichagua pamoja,
tarehe ya harusi yetu.
Mwaka wa nne huu amelala nyuma ya migomba
nami sijaibadilisha.
Nikaandika: Hakuna.
Nikalitazama neno lile
mpaka namba sitini na mbili ikaitwa.

Kesho yake nilileta nakala ya ukurasa wa kitabu cha uzazi,
majina ya wanawake wengine nimeyafunika kwa plasta.
Wabwile akaugeuza, akaugeuza tena.
"Hii haimo kwenye orodha ya vielelezo."
Walitaka pasipoti.
Mwanangu, sina pasipoti, sijawahi kwenda popote,
hilo ndilo ninalokueleza tangu jana.
Akaupiga muhuri hata hivyo, kwa huruma au kwa uchovu.
"Subiri siku arobaini na tano."

Siku hizo nazijua.
Kitovu hukauka, kikaanguka,
mshono hufunga, maziwa hutulia,
mama hujifunza kulala vipandevipande.
Nami nilipika chini ya turubai, moshi na matone.

Wiki ya sita Nasambu alirudi kwa sindano.
Wamemwita Naliaka, mahindi yalikuwa yakipaliliwa.
Nilipomdunga paja, alilia kwa sauti ile ile ya giza,
na simu ikatetemeka mfukoni.
Iache itetemeke.
Nilibana pamba mpaka damu ikakoma.

Kadi mpya ilikuja katika bahasha nene.
Chagua namba, walisema, ambayo mtu hawezi kuikisia.
Ile ya zamani niliibonyeza mara mbili kwa mazoea,
mashine ikanikatalia mara mbili.
Sijui nilisimama pale kwa muda gani.
Mtu nyuma yangu alikohoa.

Nao ujumbe?
Wamerudisha elfu kumi na nane, mia tano na arobaini.
Mia moja imebaki kwao.
Nimerudi kwa Wabwile kuuliza ni ya nini.
Amenipa fomu.