Takwimu Hazioani

Manispaa yetu inaomba. Iliomba mwaka juzi,
ikaomba mwaka jana, na mkono mtupu haulambwi,
basi safari hii tumeandika kurasa mia na kumi na mbili,
na viambatisho, na ramani ya rangi nne,
na picha ya korongo la Rusimbi lililomeza nusu ya barabara
na choo cha mzee Kiza, pamoja na mlango wake.

Mimi ni mchapaji. Nasema "tumeandika"
kama mwiko unavyosema "tumepika".

Mhandisi Gwasa husoma kwa sauti, miguu juu ya boksi la karatasi:
taa za barabarani, Mwanga hadi Kibirizi; transfoma sita;
mtaro wa mawe, mita elfu mbili mia nne;
paneli za jua kwa zahanati tano.
Nilipofika kwenye "paneli za jua" umeme ukakatika.

Tulicheka. Ungefanyaje?
"Andika na hili," akasema Gwasa,
lakini fomu ya Dodoma haina mahali pa hili.

Ukurasa wa themanini na tisa kuna kisanduku:
IDADI YA WANUFAIKA (TARAKIMU TU).
Kwa hiyo sikumwandika Bi. Nyabenda wa Kibirizi
anayenunua barafu alfajiri
na saa saba mchana anauza migebuka kwa bei ya kuomba radhi,
maji yakimchuruzika kwenye kanga.
Sikumwandika kinyozi wa Gungu aliyemwacha mteja
nusu kichwa hadi kesho yake,
na mteja mwenyewe bwana harusi.
Niliandika 41,206.

Usiku ule dada yangu Yustina, mkunga,
alirudi na alama za meno kwenye simu.
Aliing'ata, mikono ikiwa na kazi nyingine,
tochi ikimulika pale palipopaswa kuonekana,
chaji asilimia tisa,
mama anasukuma, saba, sita,
mtoto akaja kwenye nne, akalia
kama anayedai risiti.

Asubuhi nilifungua ukurasa wa themanini na tisa.
Sikumwambia mtu.
Nikafuta sita, nikaweka saba.

Muhuri. Nakala tano. Bahasha ikapanda basi.
Miezi mitano tukakaa kimya, nao wakakaa kimya;
kila aliyekwenda Dodoma kwa semina
tulimwagiza alisalimie jalada letu.
Kisha barua, aya tatu, ya mwisho fupi:
"Takwimu hazioani. Ukurasa wa 89 na Jedwali Na. 14.
Tofauti: 1.
Rekebisheni, muwasilishe upya mwaka ujao wa fedha."

Gwasa akavua miwani.
Mkurugenzi akauliza, huyu mmoja ni nani,
akauliza tena, taratibu, kama anayemtafuta mwizi.
Masika yalikuwa yamepita, korongo limefika jikoni kwa mzee Kiza.
Ningeweza kusema kidole kiliteleza.
Nilisema:
ni wa Buzebazeba. Ameanza kukaa mwenyewe.

Hawakuelewa. Au Gwasa peke yake alielewa,
maana alikohoa, akaenda kusimama dirishani,
dirisha lisilotazama kitu ila ukuta wa masijala.

Sasa ni jioni, niko peke yangu na Jedwali Na. 14,
safu ya kata, safu ya kaya, safu ya jumla.
Mtoto sijamtoa. Nimelisogeza jedwali limpishe.
Buzebazeba: ongeza moja.

Umeme haupo tangu saa tisa.
Jenereta lina dizeli ya dakika kumi, pengine nane.
Printa inameza karatasi, inatema,
ukurasa wa sabini, wa sabini na moja,
inakwama, naivuta sikio, inaendelea,
sabini na mbili,
haraka, naiambia, haraka wewe,
haraka.