Zamu ya Mfongo

Daktari Eliaichi anachora jicho nyuma ya kadi ya sukari:
hapa maji huzaliwa, hapa hutokea.
Hapa (kalamu inasita) mishipa imeota
bila kualikwa, imeziba mlango.
Presha arobaini na nane.

Baba haoni mchoro. Namchorea
kiganjani kwa ukucha.
Jana usiku, Kibosho, aligonga paji ukutani
hadi ng'ombe wakaamka. Alfajiri tukashuka Moshi.

Kwanza sindano, mishipa inyauke.
Kisha mrija, mwembamba kuliko unyasi,
maji yapate njia.
Au miale, tukaushe chemchemi.
Au, na hapo daktari anashusha sauti,
kulitoa.

"Kuona je?"
"Hakurudi, mzee. Tunafukuza maumivu."

Baba kimya.
Miaka thelathini alishika jembe la mfongo wa ukoo;
anajua tope linapolala,
anamjua na jirani aibaye maji usiku.

"Chemchemi iacheni. Wekeni huo mrija."
Halafu, kama yuko kikaoni:
"Na zamu ya kuutunza ni ya nani?"

Natikisa kichupa cha matone,
asikie.