Safu

Mkurugenzi alitaka kurasa nne na picha.
Nilimpa. Haya hapa ni yaliyobaki.

Nilitoka Kaunas na maswali arobaini
yamechapwa, yamebanwa kwa pini,
na hotuba yangu kuhusu faini:
jinsi tulivyopunguza ucheleweshaji
kwa asilimia thelathini na moja.
Basi dogo liliipanda Kaukazi saa tisa nzima.
Dereva alijichora msalaba kwenye kila kanisa
na kuwasha sigara kwenye kila kona;
usukani ulishikwa na nani, sikuuliza.

Maktaba ilikuwa chumba kimoja na jiko la kuni.
Mzekala alinipokea, koti mabegani.
"Jurga," alisema, polepole,
kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa jirani.
Umeme ulikatika kabla ya slaidi ya tatu.
Wasikilizaji wangu walikuwa saba,
mmoja amekuja kuuza jibini.
Hakuna aliyesikitika.

Siku ya tatu ugeni uliisha. Jembe halikuwepo,
nikapewa koleo,
nikaufukua mlango wa maktaba kutoka kwenye theluji.

Ndipo aliponifunulia daftari.
Safu sita. Jina. Kitabu. Kilitoka lini.
Kirudi lini. Kilirudi lini.
Ya sita ilikuwa pana kuliko zote;
nikajua, hii ndiyo ya faini.
Tamta, binti wa shule, alinisomea kwa Kiingereza chake cha kukwaruza:

Ng'ombe alizaa. Ndama alitanguliza miguu.
Daraja limechukuliwa na mto.
Amebakiza kurasa mbili, hataki ziishe.
Alikuwa akimsomea mumewe. Mume amekufa ukurasa wa 112.
Anaomba muda.

"Alipewa muda gani?" niliuliza.
Mzekala akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya maji ya kunawa.

Mchana aliingia mwanamume, kofia mkononi,
na kitabu cha ufugaji wa nyuki, kimevimba kwa unyevu.
Kilikuwa cha baba yake. Miaka kumi na tisa.
Kichwa changu, bila ruhusa yangu, kikapiga hesabu:
siku elfu sita, mia tisa na...
Mzekala alikipangusa kwa kiwiko.
"Na nyuki je?"
"Wapo."
Akaandika hivyo, safu ya sita: *Wapo.*
Kisha akatia kuni jikoni.

Dirishani, safu ya milima.
Mezani, safu ya sababu.
Nilipiga picha ya kwanza.
Ndiyo iliyo kwenye ripoti, ukurasa wa pili,
na wenzangu waliisifu sana.

Jumatatu nilirudi kwenye dawati langu.
Bi Aldona alileta atlasi, wiki sita imepitiliza.
Nikamuuliza kwa nini.
Alishtuka kana kwamba nimemwomba meno yake.
Foleni ikakohoa. Akainama, akanong'ona:
"Mwanangu amehamia mbali. Nilikuwa napima kwa uzi."

Kompyuta yetu ina kisanduku kidogo cha maelezo,
herufi ishirini, tunakiandikia *jalada limechanika*.
Nikaandika: *Alipima kwa uzi.*
Ikatosha.

Faini ilikuwa senti sitini.
Alizihesabu moja moja, akalipa,
nami nikapokea.
Hilo bado sijui niliweke safu gani.