Nembo

Dadi ana kibanda cha kuchapa pale Chikongola,
mlango wa pili toka kwa fundi simu.
Nikamwambia nataka nembo ya kampuni:
korosho za Newala, zilizobanguliwa kwa mkono.
Akanichorea tembo.
Nikasema tembo walishakula shamba la baba,
siwalipi tena.
Akanichorea korosho yenye macho,
inacheka, imeinua dole gumba.
Elfu thelathini, na kadi mia za bure.

Nikapanda basi la kurudi juu
na lile neno nalimung'unya
kama kokwa la ukwaju.
Nembo.
Kwetu halikuzaliwa kwenye kompyuta.
Lilizaliwa kwenye ngozi.

Bibi Somoe anazo.
Tatu shavu la kulia, zimekunjana kunjana
kama njia ya kushukia bondeni kuteka maji,
tatu la kushoto,
moja imesimama katikati ya paji.
Kisu kidogo, masizi ya mbarika,
uso ukavimba hata kijiko hakipiti.

Baba alipokuwa akisoma Masasi
ilifika siku ya wazazi, akamwandikia barua:
Mama, usije, barabara imeharibika.
Mwaka ule barabara ilikuwa nzima.
Bibi alijua.
Barua ipo mpaka leo, sandukuni,
imebanwa na stakabadhi za korosho.

Nikamkuta anabangua,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Bibi, niazime uso.
"Wa kuuzia korosho?"
Wa kuzitambulisha.
"Kilo shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
"Basi nimepanda bei," akasema.
"Zamani uso huu ulifukuza watu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikaacha.

Hakuomba kioo.
Mkono wa kushoto ukapanda shavuni, ukasoma,
wa kulia ukashika mkaa, ukaandika
juu ya boksi la sabuni nililolipasua.
Mstari, kona, mstari, kona.
Ule wa tatu ukakatika,
ukaruka kidogo, ukaendelea chini ya pale ulipostahili.
Umekosea hapa, Bibi?
"Hapo nililia.
Aliyenichanja alikuwa shangazi yangu.
Mkono wake ukalia nao."

Dadi akaupiga picha, akaupeleka kwenye skrini,
akabofya mara moja
na mistari yote ikanyooka.
Kusema kweli, ilipendeza.
Ilipendeza kama ukuta mpya wa benki.
"Nimekusawazishia," akasema, "hiyo sikuchaji."
Rudisha.
"Dada, wateja watasema mchapaji kalewa."
Rudisha, Dadi.
Akaurudisha kwa mkono, nukta kwa nukta,
akiguna, saa nzima na robo,
umeme ukakatika, ukarudi,
akaanza tena.
Mwisho akaniongezea elfu tano:
kupinda, alisema, ni kazi kuliko kunyoosha.
Nililipa bila kuomba kupunguziwa.

Pakiti zilipofika Baba alikuwa barazani.
Akaichukua moja, ile ndogo, ya gramu hamsini,
akaigeuza, akasoma uzito, akasoma tarehe,
dole gumba likasimama pale penye mkato.
Nikangoja.
"Karatasi nyembamba hii," akasema.
Akaitia mfuko wa shati,
nembo ikitazama nje,
akaondoka nayo kwenda sokoni kwa miguu,
njia ile ndefu, inayopita shuleni.

Bibi yake ilikuwa giza tayari, taa haijawashwa.
Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma,
akaipapasa tena.
"Ipo wapi?"
Hapo hapo, Bibi, chini ya kidole chako.
Akanyamaza.
Akaushika mkono wangu, akauweka shavuni pake,
kona, mstari, kona,
mpaka pale shangazi aliporuka.
"Yako laini," akasema.
"Usiku mtu ataijuaje?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na pakiti elfu mbili.