Tafsiri ya Mselemu

Mkiniuliza filamu niipendayo,
ya roketi na sayari na mashine zenye akili,
sitawatajia jina. Jina sikulijua.
Karatasi ya kaseti ilikuwa imebanduka,
Mselemu akaandika kwa wino mzito: MBALI, YA PILI.
Ya kwanza hatukuiona hata siku moja.

Banda lake lilikuwa Magongo, nyuma ya kinu cha unga.
Shilingi tano, watoto wawili kwa saba
ukijua kumlilia.
Mabati, mabenchi ya mbao za makasha, televisheni moja
iliyopaka kila uso ukijani,
hata tukadhani rubani anaumwa nyongo.

Mselemu aliketi kando na maikrofoni
akitutafsiria:
"Huyu ndiye nahodha. Hana baba.
Ile mashine inayometameta mwaiona? Ina wivu.
Haya, nyamazeni."
Tukanyamaza, banda zima,
hata kinu cha jirani kikasikika kikimeza mahindi.

Nimeona nyingi tangu hapo.
Nimeona miji inayoelea, na vita vya miali,
na viumbe wenye macho sita wanaokuja kuiteka dunia
na daima hushuka kwingine, si Changamwe,
ingawa sisi tulikuwa na moto wa kiwanda cha mafuta
ukiwaka juu ya bomba usiku kucha.
Alama gani tena walitaka?
Nzuri, sikatai. Milipuko hainichoshi.
Ila mimi hungoja pale mtu anaposhona soksi,
na nje ya dirisha ni giza tupu,
safari ya miaka mia ya giza tupu,
naye anahangaika na tundu la sindano.

Hapo ndipo ile ya Mselemu iliponishika.
Nahodha amebaki peke yake. Soksi mapajani. Redio inakwaruza.
Anafungua mdomo, anasema neno refu,
na Mselemu, sauti imemshuka, akasema:
"Usizime taa ya mlangoni. Naja.
Nikichelewa, mpe mtoto chakula kwanza."
Nilikuwa na miaka tisa. Nililia kwa kwikwi
hadi mvulana wa benchi la mbele, Chengo,
akageuka akanipa njugu zake zote.

Juzi nimeipata. Mpwa wangu kaisaka kwenye simu
kwa nilivyomweleza: soksi, redio, uso wa kijani.
Uso haukuwa wa kijani.
Na lugha yao siku hizi naielewa.
Nahodha anataja namba.
Tarakimu kumi na moja, mahali alipo,
kisha kimya.
Hakuna taa. Hakuna mtoto.

Nikarudisha nyuma, mara tatu.
Ndipo nikamkumbuka Mwanakombo, mkewe Mselemu,
aliyekwenda Jidda kufanya kazi za nyumba mwaka ule,
na binti yao aliyelala juu ya magunia nyuma ya pazia,
na ile balbu ya mlango wa banda
iliyowaka hata jua la saa saba,
nasi tukimcheka:
Mselemu, stima wapewa bure?

Leo niko juu ya krini, gati ya kumi na tisa, Kilindini,
ndani ya kibanda cha kioo, sakafu nayo kioo,
kishikio kimoja kila mkono,
na meli chini ya miguu yangu, taa zake zote zimewaka.
Saa tisa za usiku redio inakwaruza:
"Mejumaa, taja ulipo."
Nataja namba. Safu, mstari, kimo.
"Sawa," ajibu msimamizi, "endelea."

Naye hajui
nimesema nini.