Daftari la Ghala

Kila saa kumi na mbili jioni nafungua daftari.
Jina. Namba ya kazi. Namba ya bunduki. Risasi ngapi.
Sahihi ya anayechukua, sahihi ya anayetoa.
Anayetoa ni mimi.

Miaka kumi na mmoja nyuma ya dirisha hili la vyuma,
kituo kidogo Kayole, ukuta mmoja na wauza mitumba.
Mafuta ya bunduki yamezama kwenye kucha zangu.
Mwanangu hunusa ugali na kusema: Mama, leo tunakula kazi.

Konstebo Mukhwana alikuja Jumanne, mvua ikinyesha.
Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyetaka kuwa mwalimu.
Risasi thelathini. Nikazihesabu. Akazihesabu.
Zilitimia.
Nikamwambia, usiku mwema.
Akasema, haya.

Saa tatu na robo, hotelini kwa Syombua,
chapati ya mwisho ikiwa bado kikaangoni:
Syombua mwenyewe, unga mikononi;
Oduya wa kutengeneza redio;
vijana wawili wa kuosha magari, ndugu, baba mmoja;
msichana aliyeingia kuchaji simu tu;
na Galgallo, mwenzake wa zamu, aliyekuwa amemwagizia chai.
Kisha yeye mwenyewe.
Chapati iliungua peke yake.

Redio ikasema pepo. Kasisi akasema pombe.
Mkubwa wetu alisimama mbele ya kamera, kofia imenyooka,
akasema: mambo ya nyumbani.

Mimi sina redio wala mimbari. Nina daftari.
Nimelirudia kurasa kwa kurasa, kama mtu anayetafuta
shilingi aliyoiangusha gizani.
Januari, sahihi imesimama wima.
Machi, amerudi kutoka mpakani, alikobeba wenzake ndani ya mifuko;
hapo sahihi imeanza kuinama.
Mei, ameomba ruhusa akamzike kaka yake.
Amepewa siku moja. Safari peke yake ni siku moja.
Juni, mkopo wa simu, elfu tatu zilizozaa elfu tisa.
Wenye mkopo wakamwandikia kila mtu aliye kwenye simu yake:
Mwambieni Mukhwana alipe.
Nami nilipata ujumbe huo.
Nilicheka. Naandika hapa kwa wino: nilicheka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai.
Hawakusema mwanamume akiufunua uchi wa moyo wake kambini
atabandikwa jina.
Tulimsikia akilia chooni siku moja.
Hadi Ijumaa alikuwa Bibi Harusi.

Lakini subiri. Galgallo naye alikuwa na deni.
Galgallo naye alibeba mifuko ile ile, mpaka ule ule.
Alipanda sukuma nyuma ya mabweni, akawa anazinyweshea
kwa kopo la rangi, akiongea nazo Kiborana.
Hakumgusa mtu.
Basi hesabu inanikatalia. Najumlisha machungu yote
na jibu haliji kuwa watu saba.

Ninachojua ni kidogo:
mwenye uchungu na mwiko atapiga sufuria,
mtaa utasikia, jirani atabisha hodi.
Huyu alikuwa na thelathini, nimehesabu mwenyewe.
Kati ya uchungu wake na hoteli ile palikuwa na dirisha moja.

Na ile haya yake bado naitafuna.
Haya ya kuitikia?
Haya ya mtu anayeona haya?
Au haya, basi, na iwe?
Neno moja, na mimi nilikuwa na haraka ya kufunga.

Juzi nilichukua rula nikachora safu mpya pembeni,
nikaandika juu yake: Umelalaje?
Inspekta aliiona. Akasema hiki ni kitabu cha serikali,
si shajara ya msichana.
Sijaifuta.

Leo jioni konstebo mgeni, Lokwawi, mrefu, viatu bado vigumu,
amejaza jina, namba, namba, thelathini.
Amefika kwenye safu ile, akasimama.
Ameishika kalamu hewani.
Nyuma yake foleni imeanza kunung'unika,
na mimi, kwa mara ya kwanza,
sina haraka.