Chini ya Mstari

Mwaka ule kiwanda cha Ruhomvya, pale Gungu,
kilinuka mawese hata Jumapili,
nami karani wa hesabu nikapiga mstari
katikati ya karatasi,
kama waya unavyopita kwenye mche wa sabuni.

Juu: mali ya kugeuka pesa kabla ya mwaka kuisha.
Chini: madeni yasiyongoja mwaka uishe.
Gawanya.
Mbili nukta moja.
Bosi akacheka, akaagiza soda kwa ofisi nzima.
"Kila shilingi ninayodaiwa ina shilingi mbili mgongoni.
Benki walale."

Sikulala mimi.
Nilirudi ghalani na mizani.
Mche tulioupima kilo nzima mwezi wa Machi,
Septemba ulikuwa gramu mia nane na kidogo.
Sabuni hukauka, jamani, hunywewa na hewa,
lakini daftarini ilibaki na unyevu wake wote.

Basi nikaitoa sabuni juu ya mstari.
Kukabaki droo ya fedha taslimu,
stakabadhi za maduka ya Kasulu yaliyokwisha kufungwa,
na ahadi ya mtu wa Uvinza.
Gawanya tena.
Sifuri nukta tatu.

Nikaandika: Januari hatuvuki.
Akaisoma amesimama, akaikunja mara nne,
akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.
Meza ikatulia.

Januari tukavuka. Februari pia.
Nikaanza kukionea haya kikokotoo changu,
mpaka nilipomkuta Bi Ntakije wa Simbo mlangoni,
madumu matano ya mawese, hati ya Oktoba mkononi:
"Si kitu, mtanilipa mkiuza."
Kumbe ndiye aliyekuwa akitubeba,
yeye na wenzake kumi na saba,
na uwiano hauna safu ya kuandikia subira.

Mei madumu hayakuja.
Likaja kufuli.

Watu huniuliza, ulijuaje?
Nawaonyesha ile karatasi, mikunjo minne
na duara la mguu wa meza katikati.
Kidole gumba changu hukaa palepale siku zote,
juu ya mstari wa tisa, upande wa chini:
mishahara isiyolipwa, miezi minne,
jina la kwanza, langu.
Nilijigawanya kwa mkono wangu
na jibu likatoka sahihi.